Mikorosho ya Familia

MJUKUU: Babu, shamba la mikorosho la familia huanzia wapi?

BABU: Huanzia kikaoni, kabla ya jembe. Mkorosho huzaa kwa miongo kadhaa, kwa hiyo ardhi ni ya nani, na miti itarithiwa na nani, ni mambo ya kuandikwa mbele ya mashahidi. Ugomvi wa mikorosho hauji siku ya kupanda, huja miti ikishazaa.

MJUKUU: Miche ipandwe kwa nafasi gani?

BABU: Mita 12 kwa 12, yaani miti kama 28 kwa ekari. Mtu akiona miche midogo uwanjani hudhani ardhi inapotea, akachomeka mingine katikati. Hapo ndipo shamba huharibika. Mkorosho hutoa maua kwenye ncha za matawi yanayopigwa jua, kuanzia juu hadi karibu na ardhi. Matawi ya miti miwili yakikutana, pande zinazogusana huacha kuzaa, hewa haipiti, na ugonjwa wa ubwiri unga hupata makazi.

MJUKUU: Korosho zilizobaki ghalani hazifai kwa mbegu?

BABU: Huota, ila si lazima mti ufanane na mama yake. Afadhali miche iliyobebeshwa, ya aina bora kama zile za kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara. Machipukizi ya chini ya kiungo cha kubebeshea hukatwa, maana ni ya shina lisilochaguliwa. Shimo ni sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu huchanganywa na samadi iliyooza. Kusini mwa Tanzania hupandwa mvua zikishakolea, Desemba au Januari.

MJUKUU: Na wakati wa kusubiri, watu wale nini?

BABU: Mihogo, kunde, karanga na njugu mawe, kati ya mistari lakini mbali na shina. Palizi ya mazao hayo ndiyo palizi ya mikorosho. Mche uliobebeshwa huonyesha korosho za kwanza mwaka wa 3 hivi. Mavuno ya kutegemewa huchukua miaka zaidi.

MJUKUU: Adui mkubwa ni yupi?

BABU: Ubwiri unga, ukungu mweupe unaoshika maua na majani machanga miezi ya baridi. Ua lililoshikwa hukauka. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, upepo umetulia na umande ungalipo. Yupo pia mbu wa mikorosho, anayefyonza machipukizi. Sisimizi waitwao majimoto humwinda, kwa hiyo viota vyao visichomwe, hata kama wanauma.

MJUKUU: Korosho huchumwa lini?

BABU: Hazichumwi, huokotwa zikianguka na mabibo yake, hasa Oktoba hadi Desemba. Hutenganishwa na bibo, zikaanikwa siku 2 au 3 mpaka zikitikiswa zilie. Magunia yawe ya katani, kwani mfuko wa plastiki huzitoa jasho zikaota ukungu. Kisha hupelekwa chama cha msingi cha ushirika, zikasubiri mnada wa stakabadhi ghalani. Mnunuzi wa kangomba, yaani wa nje ya mfumo huo, hulipa papo hapo, ndiyo, lakini kwa bei yake na kwa kipimo chake.