Meseji Imefika kwenye Simu, kwa Bibi Haijafika



Mwaka wa mwisho wa masomo ya kompyuta nilitengeneza programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa presha kumeza dawa. Kila usiku, saa 20:00, ilituma meseji. Nilianza kuijaribu kwa bibi yangu, mtaani Buyenzi, Bujumbura. Nilimwachia vidonge 14 vya wiki mbili. Niliporudi vilikuwa vimebaki tisa, na programu yangu ilionyesha kuwa meseji zote zimefika.

Niliifunga kompyuta nikakaa naye siku tatu. Nikagundua kwamba saa yake ni adhana, na hiyo 20:00 kwake ni saa mbili usiku. Herufi ndogo hazioni. Simu hushinda mikononi mwa wajukuu. Habari huzipata redioni asubuhi na kwa jirani jioni, na huiamini zaidi sauti ya mtu anayemjua.

Basi nikabadili mambo matatu.

Kwanza, wakati. Ukumbusho ukaja baada ya Isha. Kwetu, karibu na ikweta, nyakati za swala hazisogei sana mwaka mzima, kwa hiyo ratiba ni rahisi. Ila kwa mgonjwa anayemeza dawa mchana, Ramadhani ikifika, programu isimbadilishie saa. Imwelekeze kwa daktari wake.

Pili, sauti. Badala ya meseji, simu inaita, naye anasikia sauti ya shangazi niliyoirekodi.

Tatu, siri. Kwa kuwa mtu mwingine anaweza kupokea, shangazi hataji ugonjwa. Anasema tu, "Mama, wakati wetu umefika."

Wiki mbili zilizofuata kilibaki kidonge kimoja. Usiku huo bibi alilala msibani, simu ikabaki nyumbani. Hapo nikajua kwamba programu peke yake haitoshi. Lazima awepo mtu wa kuuliza.

Suratul Israa, aya ya 23, inatuhimiza kuwatendea wema wazazi wafikapo uzeeni. Kwetu sisi wa fani hii, wema huo unaanzia kwenye kuwasikiliza. Kabla hujaandika programu yoyote ya afya, shinda siku moja na mzee wako. Andika anasikia habari wapi, saa ngapi, na kwa nani. Uanzie hapo.

Wabillahi tawfiq.