Spidomita ya Gari la Zamani: Kuibadilisha Bila Kupoteza Kipimo

Katika kaunti za Migori na Homa Bay bado yapo magari yaliyotengenezwa miaka 40 au 50 iliyopita, na mengine yana umri zaidi ya huo. Zipo Land Rover zilizofanya kazi mashambani na kwenye misheni, Peugeot 404 na 504 za aina iliyobeba abiria kabla ya matatu za Nissan na Toyota kuenea, pamoja na Volkswagen, Datsun na Toyota Corolla za zamani. Baadhi ya wenye magari haya wanayafufua: bodi inapigwa rangi, viti vinashonwa upya, injini inafunguliwa. Kazi ikifika kwenye dashibodi, spidomita nayo hutazamwa. Pengine mshale umekufa, pengine kioo kimepasuka, au mwenye gari anataka ya kisasa yenye taa na namba kubwa.

Hakuna ubaya kuibadilisha. Hatari ni kuibadilisha sura bila kuhakikisha kipimo. Spidomita iliyokufa dereva anaijua kuwa imekufa, kwa hiyo anajihadhari. Inayodanganya anaiamini.

Kwa nini jambo hili ni la usalama

Barabara kuu kutoka Isebania kwenda Ahero hupita Migori mjini, Uriri, Awendo, Rongo, Kisii na Oyugis. Kote huko kuna masoko, shule, boda boda na watu wanaovuka barabara. Barabara ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay nayo hupita Rodi Kopany na vituo vingine vya biashara. Nchini Kenya mwendo wa juu ndani ya mji au kituo cha biashara ni kilomita 50 kwa saa. Magari ya abiria na malori hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa hata nje ya miji.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri kama mita 14 kwa sekunde moja. Likienda 80, husafiri mita 22. Kumbe kabla dereva hajakanyaga breki, ameshapita mita nane zaidi kwa kila sekunde aliyochelewa. Tena nguvu ambayo breki lazima ziimalize katika mwendo wa 80 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya mwendo wa 50. Magari mengi ya zamani hutumia breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, nazo hupata moto na kulegea upesi. Dereva wa gari kama hilo anahitaji spidomita ya kweli kuliko dereva wa gari jipya.

Jinsi spidomita ya zamani inavyofanya kazi

Aina inayopatikana katika magari mengi ya zamani ilisajiliwa na Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902. Ndani ya gia boksi kuna gia ndogo inayozungusha kebo iliyo ndani ya bomba jembamba. Kebo hiyo hupanda hadi nyuma ya dashibodi na kuzungusha sumaku. Sumaku imezungukwa na kikombe chepesi cha alumini kilichoshikana na mshale, lakini haikigusi. Inapozunguka huamsha umeme mdogo ndani ya alumini, na umeme huo hukivuta kikombe kifuate mzunguko. Springi nyembamba hukizuia. Kadiri gari linavyokwenda kasi, ndivyo mvuto unavyoishinda springi na mshale kupanda.

Kwa hiyo spidomita haipimi barabara moja kwa moja. Inapima mizunguko ya kebo, kisha inadhani kwamba kila mzunguko ni umbali fulani. Mtu akibadilisha tairi, gia boksi, difu au spidomita yenyewe, dhana hiyo inaweza kuwa si kweli tena.

Kuchunguza kabla ya kununua

Spidomita nyingi hutupwa bure ilhali kasoro iko kwingine. Fundi aanze na dalili hizi:

1. Mshale unatikisika au unarukaruka: mara nyingi kebo imekauka au imepindwa vibaya. Itolewe, isafishwe na ipakwe grisi nyepesi. Sehemu ya juu karibu na dashibodi isipakwe, maana grisi hupanda na kuingia kwenye spidomita.

2. Mshale na namba za umbali vyote vimesimama: kebo imekatika, au gia ndogo ya kwenye gia boksi imelika.

3. Namba za umbali zinasonga lakini mshale umelala: kebo ni nzima, kasoro iko ndani ya spidomita.

4. Mshale unaonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli: huenda sumaku imechoka kwa umri. Hii ndiyo kasoro mbaya zaidi, kwa sababu kila kitu huonekana kinafanya kazi.

Maili si kilomita

Magari mengi yaliyotoka Uingereza yana spidomita ya maili. Maili moja ni kilomita 1.609. Dereva aliyezoea kilomita akiketi ndani ya Land Rover ya aina hiyo, akaona mshale kwenye 50 anapoingia Awendo, anaweza kuamini ametii sheria. Kumbe anakwenda kilomita 80 kwa saa katikati ya mji.

Njia nafuu ni kumpa fundi wa vibao kazi ya kutengeneza uso mpya wa kilomita. Namba ziwekwe hivi:

Kilomita 50 iwe mahali pa maili 31.
Kilomita 80 iwe mahali pa maili 50.
Kilomita 100 iwe mahali pa maili 62.

Asiyetaka kugusa uso wa asili anaweza kubandika alama ndogo nyekundu kwenye 31 na nyingine kwenye 50. Ikumbukwe kwamba hata baada ya uso kubadilishwa, namba za umbali huendelea kuhesabu maili. Anayebadilisha oili kila kilomita 5,000 atakuwa amezifikisha namba zikisonga kama 3,100 tu.

Spidomita kutoka gari jingine

Wengi huchukua spidomita ya gari lililovunjwa, wakaona matundu yanalingana na kebo inaingia, wakadhani kazi imekwisha. Kulingana kwa matundu hakutoshi. Kila spidomita imetengenezwa kwa idadi fulani ya mizunguko ya kebo. Spidomita nyingi za Kijapani zinahitaji mizunguko 637 kwa kilomita. Zile za Kiingereza mara nyingi huandikwa namba ndogo chini ya uso, kwa mfano 1000 au 1280, nayo ni mizunguko kwa maili.

Tuseme spidomita iliyoandikwa 1280 imefungwa kwenye gari la Kijapani na kupewa uso wa kilomita. Mizunguko 1280 kwa maili ni kama 795 kwa kilomita, lakini gari linatoa 637 tu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, mshale utaonyesha 64. Dereva ataongeza mwendo akiamini bado ana nafasi.

Namba zisipolingana, mafundi wana njia mbili: kubadilisha gia ndogo inayozungusha kebo, au kuweka kisanduku kidogo cha gia katikati ya kebo ili kurekebisha mizunguko.

Tairi kubwa, mwendo uliofichika

Mwenye gari anaweza asiiguse spidomita kabisa na bado akaiharibu kwa kubadilisha tairi. Kupima ni rahisi. Aweke alama ya chaki kwenye tairi na ardhini, asukume gari mpaka tairi lizunguke mara moja, kisha apime umbali kwa futi kamba. Afanye hivyo kwa tairi la saizi ya asili na kwa jipya.

Kwa mfano, tairi la asili likitembea mita 2.00 na jipya mita 2.20, tofauti ni asilimia 10. Mshale ukionyesha 50, gari linakwenda 55. Ukionyesha 80, linakwenda 88. Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 500 kwa anayezidisha mwendo kwa kilomita 6 hadi 10, shilingi 3,000 kwa 11 hadi 15, na shilingi 10,000 kwa 16 hadi 20. Kamera ya polisi hupima gari, haipimi mshale.

Spidomita za umeme na za GPS

Za umeme hutumia kihisi kinachofungwa kwenye gia boksi au karibu na shafti, kikihesabu mapigo badala ya kuzungusha kebo. Uzuri wake ni kwamba nyingi zinaweza kurekebishwa: fundi anaendesha umbali uliopimwa, nayo inajifunza idadi ya mapigo. Hatua hiyo isiporukwa, hufaa sana.

Za GPS husoma setilaiti, kwa hiyo hazijali saizi ya tairi wala aina ya gia boksi. Udhaifu wake ni kwamba huchelewa kidogo gari linapoongeza au kupunguza mwendo ghafla, na hazisomi vizuri pasipoonekana anga.

Kabla ya kuunganisha kifaa chochote cha umeme, fundi akague betri. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yameunganishwa upande wa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Baadhi ya Volkswagen za wakati huo hutumia volti 6. Spidomita mpya ya volti 12 ikiunganishwa humo bila kuangalia, huweza kuungua siku hiyo hiyo au isiwake kabisa.

Gari la abiria lina jambo la ziada. Tangu kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati wa Waziri John Michuki, magari ya abiria yanapaswa kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kazi ya spidomita isiguse kidhibiti hicho. Ikilazimu kukigusa, ifanywe na mfungaji aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA.

Namba za umbali na haki ya mnunuzi

Spidomita ikibadilishwa, namba za umbali hubadilika pia. Gari lililotembea kilomita 310,000 linaweza kuonyesha 40,000. Mwenye gari aandike tarehe na namba ya zamani, apige picha, na ahifadhi risiti ya fundi. Siku ya kuuza, mnunuzi aambiwe. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza muuzaji kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa.

Jinsi ya kupima baada ya kazi

Kipimo kifanywe nje ya mji, kwenye barabara iliyonyooka na isiyo na mlima, wakati magari ni machache. Dereva ashike usukani tu. Abiria ndiye ashike simu, kwani dereva kutumia simu gari likitembea ni kosa lenye faini ya shilingi 2,000.

Njia ya kwanza: abiria afungue programu ya simu inayoonyesha mwendo kwa GPS. Dereva ashikilie mshale kwenye 50 kwa nusu dakika, kisha kwenye 80, na abiria aandike namba za simu.

Njia ya pili: zichaguliwe alama mbili zilizo umbali wa kilomita moja kwa kipimo cha ramani ya simu. Dereva apite kwa mwendo usiobadilika, abiria ahesabu sekunde. 3,600 ikigawanywa kwa sekunde hizo, jibu ni mwendo wa kweli. Sekunde 72 ni kilomita 50 kwa saa, sekunde 60 ni 60, na sekunde 45 ni 80.

Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita inatoa kipimo kizuri cha kufuata: mshale usionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko wa kweli. Unaweza kuzidisha, lakini si zaidi ya asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Gari likienda 80, mshale unaweza kuwa popote kati ya 80 na 92. Ukiwa kwenye 79, fundi hajamaliza kazi.

Maswali ya kujipima

1. Mshale unaonyesha 80, na gari limetumia sekunde 41 kumaliza kilomita moja. Mwendo wa kweli ni upi?

2. Pikapu ina spidomita ya maili. Ikiingia Oyugis mjini, mshale usizidi namba gani?

3. Mwenye gari ameweka tairi linalotembea mita 1.90 badala ya mita 2.00. Je, spidomita itaonyesha mwendo mkubwa au mdogo kuliko wa kweli?

Majibu

1. Karibu kilomita 88 kwa saa. Spidomita inapunguza, irekebishwe kabla gari halijatumika tena.

2. 31.

3. Mkubwa, kwa kama asilimia 5. Usalama hauharibiki, lakini namba za umbali zitakimbia kuliko safari yenyewe.