Betri Mbili, Swichi Moja

Makomredi, akiba tunaijua sote. Bumu likichelewa unamfuata rumeti wako akukopeshe. Ila naye anasubiri bumu hilohilo! Likikwama kwako, limekwama na kwake. Yaani mlikuwa wawili kwa kuhesabu tu. Hesabu ya namna hiyo iliniumbua mbele ya darasa nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kwa hiyo naiandika hapa kama somo, wewe isikukute.

Nilipangiwa sekondari moja hapa Tangini, Kibaha, nifundishe Fizikia Kidato cha Pili. Mada ilikuwa kuunganisha seli kwa mfululizo na kwa sambamba. Siku mwalimu wa chuo alipokuja kunikagua, nilibeba zana niliyoitengeneza mwenyewe: ndege ya rimoti ya foamu, mabawa yake kama mita moja kutoka ncha hadi ncha. Niliwaahidi wanafunzi kwamba tukipata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), tutairusha juu ya uwanja wa shule, wao wakitazama.

Nikaanza. Ndani ya ndege kuna risiva, inayopokea amri kutoka kwenye rimoti, na sevo, yaani vimota vidogo vinavyogeuza vipande vya mkia na mabawa. Mota ya panga ikizima, ndege bado inaelea na unaweza kuishusha taratibu. Risiva ikikosa umeme, ndege inakuwa kiziwi, itaangukia popote. Na kinachoizima huwa kitu kidogo tu: waya uliolegea kwa mtikisiko, plagi iliyochomoka, au seli moja iliyochoka katika mfululizo wa seli tano.

Nikawaonyesha suluhisho langu: betri mbili, kila moja ya seli tano za volti 1.2, yaani volti 6, zimeunganishwa sambamba. Nikachomoa ya kwanza, sevo zikaendelea. Nikairudisha, nikachomoa ya pili, zikaendelea. Darasa likapiga makofi.

Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha kidole. "Madam, na hiyo swichi ikiharibika?"

Nikaangalia. Kumbe nyaya za betri zote mbili zilikutana kwenye swichi moja ya bei chee, ndipo zikaenda kwenye risiva. Mkaguzi yuko nyuma na kalamu yake. Ningeweza kusema "swali zuri, tutaliona kipindi kijacho", si unajua walimu tunavyokwepa. Lakini hao ndio watoto ambao wangesimama chini ya ndege hiyo. Nikamwita aje aizime mwenyewe. Akabonyeza. Sevo zote kimya.

Nikakubali mbele yao kwamba nilikuwa na betri mbili lakini njia moja. Muda uliobaki tukautumia kurekebisha mchoro ubaoni, na tulifikia haya:

1. Kila betri iwe na swichi yake, waya wake na plagi yake mpaka kwenye risiva. Zisikutane njiani.

2. Kila njia iwe na dayodi. Betri mbili zilizo sambamba zikitofautiana, yenye nguvu humwagia umeme ile dhaifu; moja ikipata shoti inaweza kuimaliza nzima na kuunguza nyaya. Dayodi inaruhusu umeme kutoka, kurudi hairuhusu. Tumia aina ya Schottky, inayokula kama volti 0.3, kuliko ya kawaida inayokula kama 0.7.

3. Hesabu muda wa kuruka kwa betri moja tu. Betri ya mAh 2,000 ikilisha vifaa vinavyokula wastani wa mA 500, ina saa 4 za kwenye karatasi. Ile ya pili usiihesabu kabisa, hiyo ni ya dharura.

4. Kabla ya kila kurusha, zima moja, chezesha sevo zote, pima volti. Iwashe, kisha zima nyingine, urudie. Hapa ndipo wengi tunajisahau. Betri ya akiba huficha kifo cha mwenzake: moja ikifa leo, ndege itaruka kama kawaida, na wewe utaendelea kudhani unazo mbili.

Risiva yenyewe bado ni moja. Huwezi kuweka kila kitu viwili. Cha msingi ujue ni wapi umebakiza kimoja.

Usidhani haya ni mambo ya midoli. Mwaka 2018 DHL, GIZ na Wingcopter walitangaza majaribio ya droni iliyopeleka dawa kisiwani Ukerewe: kilomita 60 kwa dakika 40. Juu ya Ziwa Victoria umeme ukikata, hakuna pa kutua. Hata ndege kubwa zimewahi kunaswa na mtego wangu. Tarehe 19 Julai 1989, DC-10 ya United Airlines ilianguka Sioux City, Marekani. Ilikuwa na mifumo mitatu ya haidroliki ya kuiongoza, lakini yote ilipita mkiani. Injini ya mkiani ilipopasuka, vipande vyake viliiharibu yote mitatu. Watu zaidi ya 100 walifariki.

Mkaguzi hakusema kitu darasani. Kwenye fomu aliandika nipunguze kuongea, niwaachie wanafunzi washike zana. Ndege sasa ina swichi mbili, na haitaruka mpaka kibali kitoke.

Na wewe unayeandika ripoti ya TP, umeihifadhi mara mbili? Kama nakala zote ziko kwenye laptop hiyohiyo, basi bana, unayo moja.