Chora sura za watu, ulipwe: vidokezo kwa kijana wa Kawajense, Mpanda

Unajaza madaftari kwa nyuso za wenzako na nyumbani wanakuuliza utakula nini. Soma hapa.

1. Anza na vibao. Kuandika jina la mgahawa au kuchora vichwa kwenye ukuta wa saluni si aibu. Chéri Samba, Mkongo anayejulikana sasa dunia nzima, alianza na mabango ya maduka ya Kinshasa miaka ya 1970. Ukuta wa saluni unakulisha, na unakutangaza bure.

2. Usisubiri kanvasi ya dukani. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Lubumbashi, Tshibumba Kanda-Matulu alimchora Lumumba kwenye vitambaa vya magunia ya unga. Wewe nunua marekani, omba mabaki ya mbao kwa seremala, gonga fremu, vuta kitambaa hadi kilie kama ngoma. Changanya rangi ya maji nyeupe na gundi nyeupe ya mbao, paka, acha ikauke, piga msasa laini, kisha rudia.

3. Pima uso. Kutoka utosini hadi kidevuni, macho yanakaa nusu ya njia. Wanaoanza huyapandisha, bibi wa watu akabaki bila paji. Na ngozi yetu usiitafute kwa nyeusi na nyeupe, utapata majivu. Anza na kahawia, tia nyekundu kidogo, bluu kwenye vivuli, njano panapopigwa na jua.

4. Kianzio kwanza, brashi baadaye. Nusu ya bei. Hata kwa mjomba. Hasa mjomba.

5. Fuata msimu. Mpanda pesa huonekana mpunga, mahindi na tumbaku vikishauzwa. Masika tengeneza sampuli. Oda nyingi zitakuja na picha ya kitambulisho ya marehemu, imefifia na kukunjamana. Waulize wafiwa alikuwa mweusi au maji ya kunde, ndevu alizinyoaje. Waonyeshe mchoro wa penseli kabla hujagusa rangi, maana msiba ukishaingia kwenye bei, ugomvi hauishi.

6. Jisajili. Wasanii husajiliwa na BASATA, baraza lililoundwa kwa sheria ya 1984. Mwone afisa utamaduni wa manispaa akuelekeze, na nenda na picha tatu mkononi, zilizokamilika na zenye fremu. Simu iache mfukoni.