Mtoto wa Mbwa Amefika Nyumbani

Nyumba nyingi hupata mtoto wa mbwa bila kupanga. Mbwa wa jirani amezaa, na jirani anakuletea mmoja ndani ya boksi. Kijana wako kamwokota barabarani siku ya mvua. Au wezi wamezidi mtaani na baba mwenye nyumba ameamua kutafuta mlinzi. Siku hiyohiyo watoto wanamzunguka, kila mmoja anataka kumbeba, na jina limeshapatikana: Simba, Bosi au Popi. Aliyeuliza mnyama huyu ana umri gani, au kama amewahi kupewa dawa ya minyoo, hayupo.

Kijitabu hiki kinahusu siku hizo za mwanzo. Tunaziweka kwenye elimu ya afya kwa sababu mbili. Mtoto wa mbwa anaweza kuja na minyoo inayohamia kwa watu. Na namna anavyoshikwa, anavyolishwa na anavyolala katika wiki hizi huchangia sana kuamua kama mwakani atakuwa mbwa mtulivu au mbwa wa kumng'ata mtoto wa jirani.

Kabla hujampokea

Asiachishwe mama yake kabla ya kufikisha wiki 8. Watu huwachukua wakiwa na wiki 4 au 5 kwa sababu wameshaanza kulamba uji, lakini kula si jambo pekee wanalojifunza kwa mama. Wakicheza na ndugu zao, anayeng'ata kwa nguvu hupigiwa kelele na mchezo huishia hapo, naye hujifunza kupima meno yake. Anayekosa somo hilo hulileta nyumbani kwako, na vidole vya watoto wako ndivyo vitakavyofundishia.

Muulize anayekupa: amezaliwa lini, anakula nini, amepewa dawa ya minyoo mara ngapi, mama yake amechanjwa? Uliza pia kama kuna mbwa aliyekufa pale nyumbani karibuni, au kama mama au watoto waliwahi kung'atwa na mbwa wa kupita. Swali hilo la mwisho, kwa sababu ya kichaa cha mbwa, lina uzito kuliko rangi na ukubwa wa masikio, mambo ambayo wanunuzi wengi huishia kuyatazama.

Usiku wa kwanza

Atalia. Tangu azaliwe hajawahi kulala peke yake. Amelala juu ya ndugu zake na chini ya tumbo la mama. Ule ushauri wa "mwache alie, atazoea" hatuukubali. Mtoto wa mbwa aliyeachwa gizani akilia usiku kucha hajifunzi ushujaa, anajifunza woga, na mbwa wengi wanaong'ata hung'ata kwa woga.

Tafuta boksi au tenga lenye kingo za kutosha, tandika kanga kuukuu au gunia safi. Ukiweza, chukua kitambaa ukisugue kwenye malazi ya mama yake kabla ya kuondoka, kwa maana harufu ile humtuliza. Kwenye baridi, kama Njombe au Limuru, jaza chupa maji ya uvuguvugu, izungushie nguo, uiweke pembeni aegemee mwenyewe. Boksi likae mahali anaposikia watu wakipumua na kukohoa: kwenye korido, au sebuleni kwa siku chache za mwanzo.

Zipo nyumba ambazo mbwa haingii ndani, na hatuna haja ya kubishana nazo. Banda likae karibu na mlango wa jikoni, sakafu iinuliwe isilowe, upande wa upepo uzibwe. Kwa wenzetu Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi pwani na visiwani, mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kama mnaishi nyumba moja ya kupanga au mnachangia ua, mbwa awe na bakuli lake, asifike kwenye ndoo za maji wala kwenye mkeka wa kuswalia. Ujirani unavunjika kwa mambo madogo kuliko hayo, na mbwa ndiye huishia kupigwa mawe.

Akilia katikati ya usiku, mtoe nje akojoe, kisha mrudishe bila mchezo. Usimfunge mnyororo, shingo yake bado laini, na mbwa anayekua kwenye mnyororo huona kila anayesogea kuwa adui. Mchana mwache alale. Umri huu mbwa hulala saa 18 au zaidi kwa siku, na watoto wa nyumbani hudhani anaumwa, wakamwamsha wacheze. Waambie: aliyelala haguswi, anayekula haguswi. Wakitaka kumshika, wakae chini sakafuni, mmojammoja, wamwache aje mwenyewe. Mtoto wa binadamu aliye chini ya miaka 5 asiachwe naye peke yake hata kidogo.

Ile kazi ya kumzoesha watu ina muda wake. Kuanzia takriban wiki ya 3 hadi ya 14 mbwa hupokea mambo mapya kwa urahisi: bodaboda, mvua kwenye bati, mzee mwenye fimbo, mama mwenye ndoo kichwani. Baada ya hapo hushuku zaidi. Wanaomfungia banda mchana kutwa "ili awe mkali" hupata mbwa mwenye hofu, asiyejua kumtofautisha mwizi na shangazi. Wanaomlisha pilipili au bangi kwa lengo hilohilo wanamtesa tu.

Chakula

Siku za kwanza mpe alichozoea, kisha ubadilishe kidogokidogo kwa muda wa wiki moja. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Ugali peke yake hushibisha lakini haujengi mwili. Uchanganye na dagaa waliochemshwa, yai lililoiva au maharage yaliyopondwa vizuri. Alishwe mara 3 au 4 kwa siku, kidogo kila mara, na maji safi yawepo muda wote. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vyenye ncha, wala vitunguu, wala chokoleti.

Utumbo, ini na mapafu mabichi kutoka machinjioni vina hatari ya pekee. Mbwa akila viungo vyenye malengelenge ya maji hupata tegu mdogo sana, na mayai ya tegu huyo yakimwingia mtu huota uvimbe wa maji ndani ya ini au mapafu, ambao unaweza kuhitaji upasuaji. Wafugaji wa Turkana na wa Umasaini wanaujua ugonjwa huo vizuri. Chemsha, au fukia.

Minyoo, choo na mikono

Mchukulie kila mtoto wa mbwa kuwa ana minyoo, hata awe mnene na mwenye manyoya ya kung'aa. Minyoo ya mviringo humpata akiwa bado tumboni, na mingine hupitia maziwa ya mama. Dawa huanza akiwa na wiki 2, hurudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka afikishe wiki 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Kipimo hutokana na uzito, kwa hiyo mpeleke akapimwe kwa daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata. Usigawe kidonge kwa kukisia.

Mayai ya minyoo hiyo hayaambukizi siku yanapotoka. Huhitaji wiki mbili hivi au zaidi udongoni kabla ya kukomaa, kisha hudumu ardhini kwa muda mrefu. Hapo ndipo ilipo nafasi yako: kinyesi kikizolewa kila siku na kufukiwa au kutupwa chooni, mayai hayapati muda huo. Yakikomaa na mtoto akayameza kwa mikono yenye mchanga, viluwiluwi vyake vinaweza kuzunguka mwilini na hata kudhuru jicho. Minyoo ya safura ya mbwa ni myepesi zaidi. Huanguliwa ndani ya siku chache na kupenya ngozi ya anayetembea peku, ikiacha mstari unaowasha na kusogea chini ya ngozi. Wakazi wa pwani wamewaona watu wakijikuna hivyo baada ya kukaa kwenye mchanga.

Kumfundisha choo si kazi ngumu. Mtoe nje kila anapoamka, kila anapomaliza kula na kila anapomaliza kucheza, mahali palepale, na umsifu akishajisaidia. Kumsugua pua kwenye mkojo wake hakumfundishi chochote. Nanyi nawieni mikono kwa sabuni kila mnapomshika, hasa kabla ya kula.

Viroboto na kupe huondolewa kwa dawa ya mbwa inayolingana na umri wake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isikaribie ngozi yake; imeua watoto wa mbwa wengi mikononi mwa watu wenye nia njema. Vivyo hivyo dawa za maumivu za binadamu kama diklofenaki na ibuprofeni.

Chanjo

Akitapika, akaharisha damu na kukataa kula, shuku parvo, ugonjwa hatari wa virusi, na usingoje kesho. Chanjo yake huanza kwenye wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa mpaka wiki ya 16. Kabla hajamaliza, asizurure majalalani wala kukutanishwa na mbwa usiowajua. Virusi hivyo hukaa ardhini miezi mingi. Kama mbwa alikufia hapo kwako kwa ugonjwa huo karibuni, mwambie daktari kabla hujaleta mwingine.

Kichaa cha mbwa ndicho kinachotugusa zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Takriban wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, hakuna tiba. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Kampeni ya chanjo ikipita mtaani kwako, kama zile zinazofanyika kuelekea 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mpeleke hata kama hajafika umri huo, kisha umrudishe baadaye. Watu huwaacha wadogo nyumbani wakisema "bado mtoto", na hivyo sehemu kubwa ya mbwa wa kijiji hukosa kinga, wakati inatakiwa ifike angalau asilimia 70 ili ugonjwa ukatike. Kisiwani Pemba, chanjo iliyorudiwa mwaka hadi mwaka iliwahi kuukomesha. Ulipoingia tena ukadhibitiwa kwa njia hiyohiyo.

Mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa na kichaa. Si lazima awe mkali. Wengine huzubaa, taya hulegea, mate hutiririka, sauti hubadilika, na chakula hakipiti kooni. Wenye mbwa hudhani amekwama mfupa, wakaingiza vidole mdomoni kuutafuta. Usifanye hivyo. Mfungie mahali pake, mwite afisa mifugo.

Mtu yeyote aking'atwa au kuparuzwa hadi ngozi ikachubuka, hata na kijibwa kinachocheza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake majivu, pilipili, mafuta ya taa wala jiwe la nyoka. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaelezwe kama unahitaji chanjo. Zile sindano nyingi za tumboni wanazosimulia wazee zimepitwa na wakati. Leo mtu mzima huchomwa begani, kwa tarehe zinazopangwa, na zote zinapaswa kumalizika. Ukifika ukaambiwa chanjo imeisha, waulize inapatikana hospitali ipi leo na uende huko. Usirudi nyumbani kusubiri.