Moshi wa Jikoni: Anza na Unachochoma

Wengi wetu hupima moshi kwa macho: ukiwa mzito ni mbaya, ukiwa mwepesi hauna neno. Kipimo hicho hakitoshi. Chembechembe zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu hazizidi mikromita 2.5 kwa upana, na madhara yake hutegemea pia zimebeba nini. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2021 kiwango cha mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka, lakini huo ni uzito tu, hausemi kilichomo. Kwa hiyo tuanze na kile unachokitia motoni.

Hatua ya 1: Chambua vya kuchoma

Ondoa plastiki, mpira, nyaya, mbao zilizopakwa rangi na zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Najua kipande cha mfuko wa nailoni huwasha mkaa upesi, hasa asubuhi watoto wanapochelewa shule. Kiache. Plastiki ya PVC, ile ya mabomba na ya kufunikia nyaya, ikiungua hutoa gesi yenye asidi kali pamoja na dioksini. Mbao zilizohifadhiwa kwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki huacha sumu hizo kwenye moshi na hata kwenye majivu.

Metali zinahitaji kuogopwa kwa sababu hii. Chembe ikifika kwenye vifuko vya hewa, hutua juu ya utando wa majimaji unaofunika seli. Chuma na shaba zikiyeyuka humo huzalisha molekuli kali za oksijeni. Seli ina akiba ya kujilinda, hasa glutathioni. Akiba ikipungua, mafuta ya utando wa seli na protini zake huanza kuharibika, nayo seli hutoa ishara za kuita kinga ya mwili. Makrofeji, seli zinazomeza uchafu, huja kuimeza chembe. Zikishindwa kuivunja, hutoa kemikali nyingine, na uvimbe huendelea hata baada ya moto kuzimwa.

Hatua ya 2: Kausha kuni

Zipasue nyembamba, zianike juani, kisha zihifadhi palipoinuka pasipofika mvua. Kuni iliyokauka hupata nyufa kwenye ncha, gome lake hubanduka, na ukigonganisha mbili hutoa mlio mkali.

Kuni mbichi hufuka badala ya kuwaka. Katika kufuka huko huzaliwa kwa wingi haidrokaboni kama benzopairini, ambazo hunata kwenye masizi. Zikiingia ndani ya seli, vimeng'enya vya seli yenyewe hujaribu kuziondoa, na katika kufanya hivyo huzigeuza kuwa kemikali zinazong'ang'ania DNA. Hiyo ni njia mojawapo ambayo saratani huanzia.

Hatua ya 3: Washia mkaa nje

Mkaa hufuka zaidi unapowashwa. Subiri ushike vizuri. Ila usidanganyike ukiona hautoi moshi: bado unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyoonekana wala kunusika, nayo huua. Usilale na jiko chumbani, hata usiku wa baridi kali.

Hatua ya 4: Ondoa kibatari

Hapa sina la kusawazisha. Taa hiyo ya utambi hugeuza asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa kuwa masizi meusi, tena karibu na uso wa mtoto anayesoma. Taa ndogo ya sola inakimaliza kabisa.

Hatua ya 5: Toa moshi nje

Fungua matundu mawili yanayoelekeana, au weka bomba la moshi linalopita juu ya paa. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi vya kutosha. Ukimudu kupikia gesi au umeme, fanya hivyo kabla ya kuhangaika na mengine.

Mtoto akipumua haraka, au kifua kikibonyea kwa ndani anapovuta pumzi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ukifika, mweleze daktari mnapikia nini nyumbani, hata asipouliza.