Kutoka shamba hadi daftari la ushirika

SWALI: Nina cheti cha kilimo na nawasaidia wakulima wa ndengu karibu na Voi. Nataka kuwa afisa ushirika. Nisomee wapi?

JIBU: Chuo Kikuu cha Ushirika kilichoko Karen, Nairobi, kilianza mwaka 1952 na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2016. Hapo utasoma usimamizi wa vyama, uhasibu na sheria. Upande wa pili wa mpaka wa Taveta kuna Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanzishwa 1963. Kutoka kwenu, Moshi ni karibu zaidi kuliko Nairobi. Linganisha karo kwanza, na uulize kama cheti chake kitatambuliwa Kenya.

Somo la hesabu lisikuogopeshe. Chama hakivunjwi na ukame peke yake, bali pia na hesabu mbovu. Mkulima analeta magunia mawili, yanapimwa, lakini stakabadhi haiandikwi. Siku ya malipo kila mtu ana kilo zake kichwani. Afisa anayejua kulinganisha daftari la mizani na kitabu cha benki ndiye anayewaokoa wanachama. Anza leo: omba kumsaidia karani wa chama chenu msimu huu wa mavuno.